Jangwani Pamoja na Jean-Paul

Jumatatu, 12 Januari

Tunakwenda Misri! Nimeliandika, nimelisoma tena, bado siamini. Mimi, Ruffin, mpiga picha wa mtaa wa Makiso, Kisangani! Mimi ambaye safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa ya mtumbwi wa injini mpaka Yanonge, na nilitapika njia nzima.

Jean-Paul alituita kwake leo, kule kwa wavuvi wa maporomoko. Sisi wanne tu, kama kawaida yetu tangu tukiwa darasa moja la sekondari: yeye, mimi, Célestin na Colette. Tulikula lituma, ndizi zetu za kupondwa, na samaki wa moshi. Tulipomaliza akafuta mikono, akasema Grâce, binti yake aliye Ubelgiji, ametulipia yote. Ndege, hoteli, basi, mwongozaji. Piramidi, makaburi ya kale, halafu jangwa. Wote wanne!

Célestin ni mkuu wa shule, hawezi kunyamaza mbele ya habari njema. Papo hapo akaanza kutaja mafarao kwa mpangilio. Colette akalia. Mkunga aliyezalisha nusu ya wakazi wa Tshopo, analia kwa ajili ya tiketi ya ndege!

Na mimi, tonge la lituma likiwa bado mkononi, nikapata wazo. Nitamposa Colette huko huko. Yeye ni mjane, mimi niliachwa zamani, hakuna kizuizi. Hapa Kisangani nimeshindwa. Kila nikifungua mdomo anakuja mtu anakimbia kumwita, mke wa fulani ana uchungu. Lakini mbele ya piramidi, nani atazaa?

Jambo moja linanisumbua. Jean-Paul amekonda. Shati linamning'inia kama limeanikwa. Naye ni mjane. Mwanamume wa umri wetu hakondi bure. Anakonda kwa ajili ya mwanamke. Nitakuwa macho.

Jumatano, 14 Januari

Matayarisho. Nimenunua suti ya kaki yenye mifuko mingi, kofia pana na miwani ya jua. Pete nimeishonea ndani ya mfuko wa kifuani. Célestin akanishauri nichukue koti zito, ati mwezi wa kwanza jangwani kuna baridi. Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Baridi, jangwani! Na huyo ndiye anayefundisha watoto wetu.

Asubuhi nilikuwa nimepanda toleka kuelekea maporomoko. Nikamwona Colette anatoka nyumbani kwa Jean-Paul na kikapu. Asubuhi ile! Nikampigia mwendeshaji kelele asimame. Baiskeli ikasimama. Mimi nikaendelea.

Nikiwa bado chini nilimwuliza Colette ametoka kufanya nini. Akaniinua, akanipangusa vumbi, akasema amekwenda kumchoma Jean-Paul sindano. Anakwenda kila siku. Nikauliza, sindano ya nini? Akasema nimwulize Jean-Paul mwenyewe.

Sikumwuliza. Sina haja. Ni vitamini. Anajijenga kwa ajili ya safari, na anaupitisha mkono wa Colette kwenye mwili wake kila asubuhi. Mjanja! Tangu shuleni alikuwa mjanja.

Ijumaa, 16 Januari

Addis-Abeba, uwanja wa ndege, tunangoja ndege ya Cairo. Goti langu moja lina plasta, bega moja halina uhai.

Mpango ulikuwa mzuri. Kinshasa nilimwinamia mama wa kaunta, nikamnong'oneza kwamba mimi na mmoja wa wasafiri wenzangu tuna jambo la moyo, atuweke pamoja. Akatabasamu, akasema ameshaelewa, monsieur yule mwembamba pia ameomba akae na mimi. Kabla sijamsahihisha tiketi zikatoka. Colette na Célestin mbele. Mimi na Jean-Paul nyuma.

Na ameletewa kiti cha magurudumu! Amesukumwa kila mahali kama askofu, akiwapungia watu mkono. Colette akitembea kando yake na begi la dawa. Nikamwambia Célestin kwamba huu ni upuuzi, mtu aliyekuwa akivuta nyavu kwenye maji ya kasi anashindwaje kutembea? Célestin, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akageuka kusoma ubao wa ndege.

Ndani ya ndege Jean-Paul akalala juu ya bega langu. Mwili wake ni wa moto kama jiko. Mkono wangu ukafa ganzi tungali juu ya mawingu ya Ubangi. Sikusogea. Si kwa mapenzi! Nikisogea ataamka, akiamka atamwita Colette.

Jumapili, 18 Januari

Giza, nje kidogo ya Cairo. Piramidi ni kubwa. Sina la kuongeza, Célestin ameshayasema yote.

Mpango wa ngamia. Nilimvuta pembeni mwenye ngamia, nikamweleza kwa Kifaransa, kisha kwa Kilingala, kisha kwa mikono: mimi juu ya huyu, mama yule juu ya yule, twende taratibu, tusimame pale piramidi zote zinapoonekana nyuma yetu. Akatikisa kichwa sana. Alielewa! Akanipandisha.

Hakuna aliyeniambia kwamba ngamia huanza kuinua matako. Nilijikuta nimelala shingoni mwake, kofia imeondoka. Halafu tukaenda. Peke yetu! Mwenye ngamia alidhani nimeagiza matembezi marefu. Kila nilipopaza sauti "Colette!" alidhani ninamhimiza mnyama, naye akamhimiza zaidi. Piramidi zikawa kama vichuguu. Nikafikiri, hivi ndivyo watu wanavyofika Libya.

Niliporudi, nyonga zimefunguka kama mlango mbovu, wenzangu walikuwa wamekwisha kula. Jean-Paul amekaa juu ya jiwe, shali ya Colette mabegani mwake. Colette amemshikia kikombe cha chai mdomoni. Mdomoni! Mtu mwenye mikono miwili!

Nikasema kwa sauti kwamba ni wakati wa picha. Mimi ndiye mpiga picha rasmi wa msafara. Nikamweka Colette mbele ya piramidi kubwa, jua linamwangaza upande wa kushoto, vizuri ajabu. Lakini Jean-Paul alikuwa bado yumo, anaharibu picha. Nikamwambia asogee. Akajiinua polepole akishikilia jiwe, huku anacheka.

"Sawa, mon frère," akasema. "Niko natoka."

Picha imetoka safi kabisa.

Jumanne, 20 Januari

Sakara. Leo makaburi ya wakubwa wa kale. Hani, mwongozaji wetu, bwana mmoja mpole mwenye masharubu na Kifaransa kizuri, alituingiza kwenye kaburi moja lenye vyumba vingi vyembamba na taa hafifu. Giza, hofu, mwanamke. Nani asingeona nafasi hiyo?

Colette alikuwa nyuma yangu. Nikaupeleka mkono nyuma, nikaupata wake, nikaufinya kwa upole. Ukanifinya! Moyo ulinidunda mpaka nikadhani mafarao watasikia. Tukatembea hivyo ushoroba mzima, bila neno. Tulipotoka nje kwenye mwanga nikageuka kwa tabasamu.

Célestin. Akanishukuru sana. Alisema hakujua kama mimi pia huogopa makaburi.

Kumbe Colette amebaki ndani na Jean-Paul. Ilibidi Hani arudi kuwachukua, nami nikamfuata. Jean-Paul alikuwa amesimama mbele ya ukuta mmoja uliochongwa wavuvi ndani ya mitumbwi. Wengine wanavuta wavu, wengine wanainua mitego, na samaki wamejaa chini ya mitumbwi kama ndizi sokoni. Hani akamwambia basi linatungoja. Hakusikia. Kiganja chake kilikuwa karibu na ukuta, hakiugusi, kinafuata mgongo wa mvuvi mmoja aliyeinama.

"Tazama namna anakunja mugongo," akamwambia Colette. "Huyu iko papa yangu. Vraiment, iko papa yangu kabisa."

Na machozi yanamtiririka. Colette akamkumbatia, naye akalia.

Nimeshindwa. Machozi! Hilo sikuwa nimelifikiria. Usiku huu nimejaribu mbele ya kioo cha hoteli, yametoka makamasi tu.

Alhamisi, 22 Januari

Jangwa la Fayum. Baridi!

Mchanga mpaka mwisho wa dunia, na upepo unaokata kama panga jipya. Suti yangu ya kaki ina mifuko kumi na haina joto hata kidogo. Célestin alishuka kwenye gari amevaa koti zito, glavu, na kofia ya sufu. Hakusema kitu. Afadhali angesema.

Tulipofika kambini meno yangu yalikuwa yanapiga ngoma. Jean-Paul akanitazama, akavua koti lake, lile kubwa alilotumiwa na Grâce, akanivisha. Akanifunga vifungo mwenyewe mpaka shingoni, kama mama anayempeleka mtoto kanisani.

Nilimwelewa mara moja. Anataka Colette aone ukarimu wake. Sasa nifanyeje? Nikikataa, ataonekana mwema zaidi. Basi nikakubali, nikavaa, nikakaa kimya. Mtego umemrudia! Akaanza kukohoa, Colette akamzungushia mablanketi ya watu wote, kisha akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona kwake. Mimi najua wanawake. Jicho lile ni la mtu ambaye moyo wake umeanza kuvurugika.

Kesho nitamposa. Pete ninayo.

Ijumaa, 23 Januari

Sijamposa.

Asubuhi walitupeleka kwenye bonde ambalo zamani sana lilikuwa bahari. Hani alisema bado kuna mifupa ya nyangumi. Nilidhani anatania. Lakini ilikuwepo, imelala juu ya mchanga, uti wa mgongo mrefu kama mtumbwi wa wachuuzi, pingili baada ya pingili. Hakuna maji popote. Hata ukungu haupo.

Colette alikuwa amesimama peke yake mbele kidogo. Nikaanza kukata uzi wa mfuko wa kifuani. Hapo Jean-Paul akanishika mkono, akaniomba tutembee kidogo, sisi wawili tu. Tulitembea polepole. Alikuwa mwepesi mkononi mwangu kama kapu tupu. Tukafika kwenye jiwe, akakaa.

"Ruffin," akasema, "uko nakumbuka mimi nilikuwa munene namna gani?"

Nikamjibu nakumbuka, na kwamba asinifanye mtoto. Siri yake naijua tangu Kisangani. Amejikondesha kwa ajili ya Colette.

Akanitazama. Midomo ikaanza kumtetemeka. Halafu akacheka. Akacheka mpaka akateleza kwenye jiwe, akakaa mchangani, amejishika tumbo.

"Mama yangu!" akasema. "Kwa ajili ya Colette! Ruffin, wewe utaniua mbele ya siku yangu." Akajifuta macho. Kisha akasema taratibu, "Iko kansa, mon frère. Iko ndani ya maini. Daktari ya Kinshasa alisema, na daktari ya Grâce amesema vilevile. Mimi niko nakufa."

Nilimwambia si kweli. Nilimwambia madaktari ni waongo, kuna mama mmoja njia ya Isangi anatibu maini kwa majani, nitakwenda mwenyewe. Akaniacha niseme mpaka maneno yakaniishia. Nikamwuliza kama Colette anajua. Anajua. Célestin? Anajua.

"Na mimi mbona hukuniambia?"

"Juu wewe peke yako ulikuwa unanikasirikia," akasema. "Wengine wote wananitazama kama maiti. Hata nikiomba chumvi, wanataka kulia. Wewe uliniambia nitoke mbele ya piramidi! Unajua namna nilifurahi? Nilisema, bon, kwa Ruffin mimi niko muzima bado."

Sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimevaa koti lake. Nilianza kufungua vifungo, akanizuia mkono.

"Acha. Wewe iko na baridi." Halafu akasema, "Niko na jambo moja tu la kukuomba. Tukifika kwetu, ukuje kwangu kila mangaribi. Usilete kitu. Usilete majani ya mama wa Isangi. Ukuje tu, tukae, unisimulie ujinga wako. Batu watakuwa wengi pale, lakini wote watakuwa na huzuni. Mimi sitaki kungoja kifo na batu wa huzuni peke yao."

Nikaapa. Niliapa kwa kaburi la mama yangu, kwa Biblia, kwa kila kitu. Akasema inatosha, asije akafa kabla sijamaliza kuapa.

Tukakaa. Alikuwa anaitazama ile mifupa. Akaniuliza, maji yote haya yalikwenda wapi? Nikamwambia sijui. Ni kweli, sijui. Mtu aliyezaliwa kando ya mto kama wetu, anayelala na kuamka na mlio wa maporomoko, hawezi kufikiri maji yanaweza kwenda.

Nimeandika haya, nikaweka kalamu, nikaichukua tena. Sina zaidi.

Jumanne, 27 Januari

Kisangani. Mvua. Koti la Jean-Paul limelowa nikiwa nimelivaa, linanuka samaki wa moshi na dawa.

Nimekwenda kwake leo, kama nilivyoapa. Amelazwa sebuleni karibu na dirisha, ili auone mto. Nikamsimulia ule mkono wa Célestin kaburini. Alikuwa hajui! Alicheka mpaka Colette akatoka jikoni kunigombeza, halafu alipoambiwa sababu na yeye akacheka, akakaa chini. Tulikuwa watatu, tunacheka kama watoto waliovunja chungu. Jean-Paul akasema kesho nije na habari nyingine. Nikamwambia ninazo nyingi, hazitaisha.

Nilirudi kwa miguu katika mvua. Nililia njiani. Machozi kabisa, si makamasi.

Ijumaa, 30 Januari

Nimepata wazo! Kubwa kuliko yote!

Nimekuwa nikijiuliza, je, kukaa tu kando ya kitanda kunatosha? Mtu yeyote anaweza kukaa. Célestin anakaa. Mimi ni fundi, lazima nimfanyie rafiki yangu jambo la kifundi. Basi hili hapa: nitachapisha picha ya safari yetu juu ya turubai kubwa kama ukuta wa kanisa. Nitalisimamisha kando ya mto, mbele ya dirisha lake. Ataamka asubuhi, ataona piramidi kwenye maporomoko! Kwaya itaimba. Kutakuwa na samaki wa liboke, waliofungwa kwenye majani, kwa mtaa mzima. Na Colette ataona moyo wangu ulivyo. Hapo ndipo nitakapotoa pete, mbele ya Jean-Paul, apate furaha hiyo pia. Yote kwa pigo moja!

Ni siri kabisa. Ndiyo maana leo na jana sikwenda kwake. Ningejisaliti kwa uso.

Jumatano, 4 Februari

Tabu tupu. Fundi wa uchapaji alichapa nusu ya kwanza, umeme ukakatika. Ulipowaka mashine ikaanza upya kutoka juu, Colette akapata mapaji mawili ya uso. Nimekataa kazi hiyo. Inaanzwa tena. Kwaya nayo imegawanyika, sauti ya tatu haisemezani na sauti ya pili.

Colette amepiga simu. Alisema Jean-Paul ananiuliza. Nikamwambia kesho. Akasema nilisema kesho tangu Jumapili. Nikamjibu kuna jambo ambalo siwezi kulieleza, lakini atakapoliona ataelewa. Halafu akasema, "Ruffin, yeye haombi jambo. Anaomba wewe."

Sauti yake ilitetemeka. Ananijali, ni dhahiri. Nilitaka kwenda pale pale. Nilikwisha kuchukua kofia. Lakini fundi akaniambia nikiondoka nitapoteza zamu yangu kwenye mashine.

Grâce amefika kutoka Ubelgiji. Vizuri, na yeye ataona.

Jumamosi, 7 Februari

Turubai lilikamilika asubuhi. Zuri! Rangi hai kabisa. Tuliliviringisha, tukalifunga juu ya toleka mbili, moja mbele na moja nyuma, mimi nikikimbia katikati nikilishikilia lisiburute. Watu wa Makiso walisimama kutazama. Nilikuwa na furaha. Naandika ukweli: nilikuwa na furaha kubwa sana.

Tulipokata kona ya kwa wavuvi nikasikia akina mama. Nilidhani kwaya imetangulia.

Haikuwa kwaya.

Mwendeshaji wa mbele alisimama, akavua kofia. Wa nyuma hakuona, akamgonga. Turubai likaanguka matopeni. Sijui nilisimama pale muda gani. Mtu akanishika kiwiko, akaniongoza ndani. Célestin. Akaniweka kwenye kiti na yeye akakaa chini sakafuni kando yangu.

Alikufa alfajiri. Maji ya maporomoko yalikuwa juu, Grâce alisema, yalisikika sana. Alilala tu.

Jumatatu, 9 Februari

Tumemzika Jean-Paul.

Jana kabla ya mazishi mvua ilinyesha, na waombolezaji walikuwa wengi kuliko mahema. Vijana wakaliona turubai langu, wakalifungua, wakalifunga kwenye miti juu ya viti. Kwa hiyo matanga yote yamefanyika chini ya piramidi. Zilikuwa zimepinduka, ncha chini. Akina mama walilala chini ya uso wa Colette, mkubwa kama mtumbwi. Mzee mmoja alimwuliza Célestin ni kanisa gani hilo.

Grâce alinijia na macho mekundu. Akasema, "Tonton Ruffin, wewe ndiye mpiga picha. Nataka picha ya papa kule Misri, niiweke juu ya jeneza. Moja tu, anayocheka."

Nikamwambia bila shaka, ninazo mamia. Nikakimbia studio. Nikafungua mashine, nikatazama.

Colette mbele ya piramidi kubwa. Pembeni, kiwiko. Colette kwenye mlango wa kaburi. Nyuma yake, mgongo wa mtu ameegemea ukuta. Colette na ngamia. Colette na kikombe, na mkono mwembamba unaopokea kikombe. Colette jangwani, na kivuli kirefu mchangani, cha mtu aliyesimama nje ya picha. Nilitazama zote. Nilirudia. Hayumo. Siku zote zile, nchi yote ile, na sina uso wake hata mmoja.

Nilipeleka picha ya viza, niliyompiga mwenyewe studioni. Nyuma nyeupe, mdomo umefungwa, kama kanuni inavyotaka. Grâce aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante tonton. Hakuniuliza. Ndiyo iliyowekwa juu ya jeneza.

Baada ya maziko Colette alikuja kukaa nami chini ya turubai. Alikuwa amechoka, vifundo vya miguu vimevimba. Alisema siku zile za mwisho Jean-Paul alikuwa anageuza kichwa kila mlango ukilia, anauliza, "Ruffin iko wapi? Ruffin atakuja?" Célestin alijaribu kumchekesha, lakini hakuweza, anajua historia tu.

Colette alinishika bega kidogo, akaondoka kusaidia kuosha vyombo.

Nimelia mpaka kichwa kinauma. Rafiki yangu. Rafiki yangu wa tangu shuleni.

Lakini nimeona jambo moja, nisije nikalisahau: katika sentensi moja Colette alitaja jina langu mara mbili.

Jumapili, 22 Februari

Padri leo amehubiri vizuri sana juu ya kifo. Nilihisi ananitazama mimi. Kifo cha Jean-Paul kimenifundisha, naandika hapa ili nisije nikarudi nyuma: maisha ni mafupi. Jambo la moyo lisiahirishwe hata siku moja.

Ndiyo maana nimeharakisha. Colette anakwenda Yanonge kwa Simone, dada yake, kupumzika. Anaondoka siku ya soko kwa boti. Mimi nitatangulia! Nimekwisha kuzungumza na wapiga tarumbeta wa parokia. Watajipanga pale mitumbwi inapotia nanga, nusu kwenye gogo la kushukia, nusu majini. Boti likitokeza, wanapiga. Natokea katikati yao na pete. Yanonge yote itakuwa shahidi, na huko wakunga ni wengi, hakuna atakayemwita. Shida ni moja tu, wa ngoma kubwa hajui kuogelea.

Célestin alituma ujumbe mchana. Anasema tangu maziko hapati usingizi, nyumba imekuwa kubwa, akifungua kitabu haoni maneno. Ananiomba nipite jioni hii tukae kidogo. Si lazima tuongee, anasema.

Maskini Célestin. Jioni tuna mazoezi ya tarumbeta. Nimemjibu: kesho.